Kasa Mwenye Miguu ya Kobe

Ko. Ko-ko. Ko.

Hivyo ndivyo tezo ya kuchongea ya marehemu Mutie ilivyolia nyuma ya nyumba yao Kaloleni, mbali na pwani, na mpaka leo mjane wake Syombua akisikia mtu akigonga kitu hugeuza shingo.

Mutie alichonga, Syombua akapiga msasa. Kazi yao iligawanywa hivyo tangu enzi za wazazi wao: mwanamume hutoa umbo kwenye gogo, mwanamke hulilainisha. Miaka thelathini ya msasa ilimla ncha za vidole, hata siku alipokwenda kubadilisha kitambulisho mashine ikashindwa kumsoma.

"Mama, huna alama," karani alimwambia.

"Ninazo. Ziko kwenye viti vya watu."

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Tangu Mutie afariki, miaka saba sasa, aliamka na hasira na kulala nayo, na majirani waliizoea kama wanavyozoea bomba linalovuja. Kwa hiyo binti yake Ndunge alipobahatika kwenye sherehe ya ofisini kwao, akapewa siku mbili za watu wawili katika hoteli ya kifahari ndani ya hifadhi ya pwani, Roseline wa mlango wa pili alipiga kigelegele.

"Nenda, Mama Ndunge, bahari ikupoze kichwa! Sisi nasi tupumzike."

Langoni askari aliichukua chupa yake ya maji. Plastiki haiingii hifadhini, alisema. Syombua aliitoa bila neno, jambo lililomtia Ndunge wasiwasi. Ndani, jua ndilo lililochemsha maji, na maji ya kuoga yalikwenda kunywesha bustani. Mirija ilikuwa ya mianzi. Kila kitu kilikuwa na kikadi cha kueleza jinsi kisivyomdhuru mtu wala mdudu.

"Mathe, tulia basi," Ndunge alisema akijirusha kitandani. "Hapa hata sabuni imeokoka."

Syombua akaketi kwenye kigoda kando ya dirisha. Mkono wake ulishuka wenyewe kukipapasa, kama ulivyozoea kupapasa kila kipande cha mbao, kisha ukasimama ghafla. Akainuka, akakitazama. Kiti kilibebwa mgongoni na kasa, yule kobe wa baharini. Lakini kasa huyu hakuwa na mapezi. Alikuwa na miguu minne iliyopinda, yenye kucha, miguu ya kobe wa nchi kavu.

Alimjua kasa huyu. Miaka saba nyuma Gachanja, dalali wao, alikuja Kaloleni na oda ya vigoda kumi na viwili na picha moja kwenye simu, kioo chake kimepasuka hapo hapo kwenye miguu. Mutie hakuwa ameiona bahari maisha yake yote. Aliinama juu ya simu, akakuna kidevu, akasema kobe ni kobe tu, akampa miguu aliyoijua tangu alipochunga mbuzi Ukambani.

"Nisomee kikadi hiki," Syombua alisema.

Ndunge akasoma, akitafsiri kutoka Kiingereza. "Mti uliookotwa ufukweni. Umechongwa na wazee wa kijiji jirani, walioishi na kasa tangu jadi."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Uliookotwa! Huo ni mwembe wa Makueni! Mimi na baba yako tuliusukuma kwa mkokoteni, mvua ikitunyeshea! Wazee gani hao? Waje! Waje waniambie gogo lilinuka nini!" Alikichana kikadi vipande vinne.

Sabrin, msichana wa vyumbani, aliingia na taulo, akaona vipande sakafuni na kidole cha Syombua kikimwelekea kasa. Akadhani mgeni anamcheka kasa yule.

"Ah, huyo! Sisi humwita Mheshimiwa, mama. Hatembei wala haogelei. Wazee wa kwetu wanaweza kumchonga kasa wa miguu kweli?"

"Unamcheka nani?" Syombua alifoka. "Aliyemchonga ana jina!"

Akakipindua kigoda juu chini. Mutie hakujua kuandika. Sahihi yake ilikuwa mikato mitatu midogo chini ya kila kazi, imekaribiana kama punje za mahindi. Hapa hapakuwa na kitu. Palikuwa laini, laini kabisa.

"Wamemfuta!" Ndunge naye alipandwa na hasira. "Mum, wamefuta alama ya baba!"

Syombua alipapasa tena pale chini. Alikuwa akiujua ulaini ule.

Vigoda vilipokwisha, Gachanja ndiye aliyeleta neno: mwenye hoteli hataki alama chini. Mutie akasema, "Basi hataki viti vyangu." Kifua kilikuwa kimeshambana wakati huo, na nyumba ilikuwa ikizingoja pesa za oda ile. Mutie alipokwenda zahanati, Syombua alichukua msasa, akafuta alama za vigoda vyote kumi na viwili asubuhi moja. Mutie alirudi, akapitisha dole gumba chini ya kigoda cha kwanza, kisha cha pili. Cha tatu hakukigusa. Aliomba chai. Krismasi haikumkuta.

Kwenye kikapu cha matunda palikuwa na kisu kidogo. Syombua alikichukua, akavua kiatu, akaegemeza ncha kwenye mbao, akagonga mpini kwa kisigino cha kiatu.

Ko. Ko. Ko.

Taulo zilimponyoka Sabrin. "Mama! Unaharibu kiti cha wenyewe! Meneja nitamwambia nini mimi?"

"Mum, tutafukuzwa!"

Syombua alipuliza vumbi la mbao. Akapitisha dole gumba juu ya mikato, polepole, mmoja baada ya mwingine, na hasira yote ikamtoka usoni.

"Mwambie," alisema, kwa sauti ya chini hata Sabrin akalazimika kuinama, "nilikiharibu miaka saba iliyopita. Leo nimekitengeneza."