Pikapu Iliyovuta Kushoto na Mbwa wa Mlinzi

Mwaka ule mama alifariki, baba akastaafu, nami nikaachishwa kazi katika kiwanda cha nguo, yote ndani ya miezi michache. Tukajikuta wawili mchana kutwa katika nyumba yetu ya Eastlands, mtaa mmoja wa zamani wa baraza la jiji, nyumba zimepangwa mistari, bomba la maji ni la wote, na kila uani kuna kamba za nguo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nikiikumbuka miezi ile naona kwanza mwanga: mwanga wa saa tisa alasiri, wa rangi ya chai ya maziwa, umejaa vumbi lisiloanguka wala kupanda. Upepo ukitoka upande wa Industrial Area ulituletea harufu ya sabuni inayochemshwa, na siku nyingine harufu ya biskuti.

Baba alikuwa dereva wa kiwanda kimoja kule kwa miaka mingi. Siku ya kustaafu alipewa mkono wa shukrani, blanketi, na ile pikapu kuukuu aliyokuwa akiiendesha. Ilikuwa ya samawati zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya anga lenye ukungu. Aliipenda. Mama alikuwa akisema kwamba baba anajua mlio wa injini ile kuliko mlio wa kikohozi chake mwenyewe.

Tulipompeleka mama kuzikwa nyumbani, upande wa magharibi, pikapu ndiyo iliyobeba viti, sufuria na akina mama wa kanisa. Wakati wa kurudi tulikuwa wawili tu, mimi na baba, na mahali fulani baada ya Nakuru gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo kwa kishindo kilichonigongesha kichwa dirishani. Baba hakusimama. Tangu siku hiyo gari halikwenda tena sawasawa. Ulikuwa ukizungusha usukani robo nzima kabla magurudumu hayajasikia, halafu yakisikia yanakwenda zaidi ya ulivyotaka. Na likiachwa lenyewe lilivuta kushoto, polepole, kama mtu anayesinzia akimwegemea jirani yake.

Baba naye alikuwa amenyamaza. Alisalimu, alikula, alisema "asante, mama" nikimtilia chai, maana aliniita mama tangu utotoni kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Zaidi ya hapo, hakuna. Jioni alikaa kwenye kiti cha kamba mlangoni akilitazama gari. Nilimwonea huruma, na wakati mwingine nilimkasirikia, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimefiwa na sikuwa na wa kuzungumza naye.

Asubuhi moja ulikuja ujumbe kutoka kwa mlinzi wa ghala lililopakana na kiwanda chao cha zamani. Ghala lilikuwa linafungwa. Mlinzi alikuwa anarudi kwao Busia, na wenye basi walikuwa wamekataa kubeba mbwa wake. Alimwomba baba aende amchukue.

"Tutamtia wapi mbwa?" nikamuuliza.

"Twende tu," akasema.

Tulikwenda polepole, baba akipambana na usukani, mimi nimeshika mlango. Mlinzi alikuwa akitungoja langoni amevaa koti lake refu ingawa jua lilikuwa kali. Mbwa alikuwa jike, rangi ya udongo wa Eastlands wakati wa kiangazi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakubweka. Alitutazama kama anayesoma barua.

"Mzee, huyu hali sana," mlinzi akamwambia baba. "Ugali na vichwa vya omena vinamtosha. Lakini msimfunge. Hajawahi kufungwa."

"Hatutamfunga."

"Na ukikaa naye, zungumza naye kidogo. Amezoea. Mimi hapa nilikuwa peke yangu miaka yote."

Baba aliitikia kwa kichwa. Mlinzi akamwinua mbwa, akamweka kwenye kibanda cha gari katikati yetu, akamshika uso kwa mikono miwili, akageuka akaenda zake bila kuangalia nyuma. Njia nzima mbwa alitetemeka, ubavu wake umenibana mguu. Kila pikapu ilipovuta kushoto aliniegemea, na kila baba aliporekebisha alimwegemea yeye. Hivyo ndivyo tulivyofika nyumbani, tukiwa tumesukumwa pamoja.

Nilimwogesha penye bomba kwa sabuni ya mche, maji yakitoka mekundu. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Murang'a aliyeuza mboga mbele ya nyumba yake, alisimama kando mikono kiunoni.

"Mmeleta nini hapa?"

"Mgeni, mama."

"Haya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akaenda, akarudi na mfupa uliofungwa kwenye gazeti, akautupa karibu na beseni kana kwamba umemponyoka.

Mbwa hakukubali kuingia ndani, wala kulala kwenye gunia nililomtandikia ukutani. Alikwenda moja kwa moja chini ya pikapu, akajikunja kwenye kivuli kati ya magurudumu ya mbele, akakaa huko. Labda gari lilikuwa na harufu ya mahali alikotoka. Nilimsogezea chakula nikiwa nimelala kifudifudi, naye alikula akinitazama kwa jicho moja.

Siku ya pili baba alitoa sanduku la spana. Aliinua pua ya gari kwa jeki, akaweka mawe chini yake, akatikisa magurudumu, akapata viungo viwili vilivyolegea, vile vya mpira na chuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Alikwenda kwa miguu hadi Grogan, kwenye maduka ya vipuri, akarudi na vipya mfukoni. Kazi ilituchukua alasiri nzima. Yeye alikuwa chini amelala chali kwenye katoni, mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva nikizungusha usukani alivyotaka.

"Kushoto, mama. Taratibu. Kulia. Ngoja hapo."

Halafu akaendelea kufungua. Watoto walikuwa shuleni, mtaa umetulia, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo kwa sauti ya kubembeleza. Nilishika usukani ule mkubwa, kichwa kimeegemea kiti, usingizi ukinijia na kuniacha. Ndipo niliposikia baba anazungumza. Nilidhani ananiita. Lakini alikuwa anazungumza na mbwa, kwa lugha ya kwetu, ile aliyozungumza na mama tu.

Alimwambia mbwa kuhusu kiwanda. Alimwambia kwamba yule mlinzi ni mtu mwema, na kwamba yeye sasa amefika nyumbani, aupumzishe moyo. Alimwuliza kama grisi inamchoma pua. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, huku spana ikigonga chuma, "Lile shimo nililiona. Niliona kutoka mbali kabisa. Mikono ilikataa kulikwepa. Nilisema moyoni, acha iwe. Na mtoto wangu alikuwa ameketi hapo kando."

Kuku wa mtu alipita mbele ya gari, akainua mguu mmoja, akafikiri, akaendelea. Nilitazama uzi wa mwanga uliokuwa ukipita kwenye ufa wa kioo cha mbele, nikaufuata kwa macho kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sikulia. Nilihisi kama nimeinuliwa juu kidogo ya mahali nilipokuwa, na kutoka huko naona paa la pikapu, na chini yake mzee na mbwa.

"Kulia, mama," baba akasema kwa Kiswahili.

Nikazungusha kulia.

Hatukuwahi kuyazungumza hayo, yeye na mimi, maisha yake yote. Lakini tangu siku hiyo hasira yangu iliisha. Nilikuwa nimedhani amenisahau katika msiba wake, kumbe alikuwa akibeba mzigo ambao ndani yake nilikuwemo.

Alipolishusha gari na kulijaribu barabarani, lilikuwa bado linavuta na bado linatangatanga. Akarudi uso umeanguka. Kesho yake alimwita fundi kijana wa gereji ya kona, ambaye alikuja akifuta mikono kwa tambara, akalizunguka gari mara moja.

"Sasa mzee. Hii gari imechoka. Mi naona uuze tu chuma."

"Hujaingia hata chini," baba akamwambia.

"Si lazima. Inaonekana tu."

Baba alimshukuru, akamsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote, akarudi akakaa kwenye kiti chake. Nilijua anawaza kuuza. Nilijua pia kwamba akiuza, yule mbwa hatakuwa na mahali pa kulala.

Ilikuwa Jumamosi iliyofuata, mchana. Baba alipanda kwenye gari ili alisogeze uvulini, na mbwa alikuwa chini yake, hataki kutoka. Nilimwita, nikampigia kiganja, nikamwonyesha omena. Hakusogea. Kwa hiyo nikalala chini nikajivuta kwa viwiko hadi kwake.

"Ametoka?" baba akauliza kutoka juu.

"Bado. Usiwashe."

Sijui kama alikuwa amechoka kungoja au mikono tu ilikosa kazi. Akauzungusha usukani huku na huku, injini imezimwa. Nilikuwa nimemshika mbwa mabegani, uso wangu umeangalia juu. Na pale juu, kando ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, nikaliona lile boksi la chuma ambamo mti wa usukani unaingilia likisogea. Magurudumu yalikaa tu. Boksi zima lilikuwa linakwenda na kurudi, na kando yake, kwenye chuma cha chesisi, mstari mwembamba ulifunguka na kufungika kama jicho la mtu aliye karibu kuamka.

"Baba, zungusha tena."

"Nini?"

"Zungusha tu. Taratibu. Ngoja hapo."

Alishuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akishuka, akalala kando yangu, nami nikatoka kwenda kumzungushia. Aliutazama ufa ukifunguka, kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu kilichokuwa kimekaa muda mrefu bila kutumiwa.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Kila siku mimi naliinua na jeki. Likiinuliwa, magurudumu hayana uzito, boksi halisukumwi, ufa haufunguki. Ungekaa hapo chini mwaka mzima usiuone."

"Mbwa ndiye aliyenileta."

"Nimeona," akasema, akamsugua mbwa kati ya masikio kwa mkono uliojaa grisi, na mbwa akabaki na doa jeusi hapo kwa wiki mbili.

Fundi wa kuchomelea alikuja Jumatatu, mtu mfupi aliyeimba besi kwenye kwaya ya kanisa lililokuwa ng'ambo ya uwanja. Alisukuma mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni. Walifungua boksi, wakakwangua uchafu mpaka chuma kikang'aa, na ufa ukaonekana wote, mrefu kama kidole changu cha kati. Kabla ya kuchomelea alitoboa kitundu kidogo kabisa pale ufa ulipoishia.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza.

"Ufa lazima uuonyeshe mahali pa kusimama, dada. Ukiupiga kiraka tu, utaendelea kutembea chini yake, na wewe hujui."

Akavaa miwani yake nyeusi. Tuligeuka wote kutazama upande mwingine, mimi, baba, jirani na mboga zake, na ukuta wa nyumba ya mbele ukawaka bluu na nyeupe, ukazimika, ukawaka tena. Mbwa alikuwa amekaa mguuni pangu. Siku hiyo, kwa kuwa pikapu ilikuwa mikononi mwa mafundi, aliingia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza, akapita sebuleni akinusa kila kitu, akaenda kulala jikoni kando ya jiko la makaa. Hakuna aliyemfukuza.

Jumapili baada ya ibada tulilitoa gari. Tulishika barabara ya Kangundo, tukapita nyumba za mwisho, tukaingia penye mashamba ya mahindi na upepo wenye harufu ya majani. Mbwa alikuwa nyuma, amesimama, pua juu ya paa la kibanda. Barabara ilikuwa tupu na imenyooka. Baba alipunguza mwendo, akaviinua vidole kutoka kwenye usukani, kimoja kimoja, akaiweka mikono mapajani.

Gari likaenda sawa. Tulilisikiliza wote wawili likienda.

"Shika wewe," akasema.

"Sijui kuendesha, baba."

"Nitakufundisha. Telezea huku."

Akasimamisha gari kando ya njia, tukabadilishana viti. Nilianza kujifunza siku hiyohiyo, nikizima injini kila mara na kuanza upya, na baba akizungumza muda wote, akinieleza klachi, akinieleza vioo, akinieleza habari za barabara ambazo aliwahi kupita kabla sijazaliwa. Mwaka uliofuata nilikuwa nikibeba kwa pikapu ile mboga za jirani yetu na za wenzake kutoka sokoni alfajiri, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa miaka minne.