Michoro ya Kila Alhamisi

Nilipopangiwa kufundisha Temeke nilikuwa msichana wa Kipare, bado mgeni wa joto na mchanga. Shule ilikuwa na vyumba vitatu vya udongo vilivyopakwa chokaa na paa la makuti. Nilipewa darasa la tatu. Wazazi wengi wa watoto wale walikuwa makuli wa bandarini, na wengine wachonga vinyago waliotoka kusini. Wachache walikuwa wakulima wenye mashamba ya mihogo kuelekea Mbagala.

Siku hizo za Mwingereza ratiba yetu haikuwa na somo la kuchora. Palikuwa na kazi za mikono tu, wavulana wakisokota kamba na wasichana wakishona. Lakini mie nilijifunza kuchora chuoni, na nilitaka watoto wangu waonje. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, mzee wa Kizaramo asiyependa maneno mengi.

"Karatasi utapata wapi?" akaniuliza.

"Dukani, mzee. Zile za kufungia sukari."

"Na rangi?"

"Jikoni."

Akasema, "Chukua kipindi cha mwisho cha Alhamisi. Mkaguzi akiuliza, jibu mwenyewe."

Basi tukaanza. Nyeusi tulipata kwa mkaa, njano kwa bizari, buluu kwa ile ya kufulia nguo. Majani ya mchicha tuliyatwanga yakatupa kijani kilichokauka kikawa kama tope. Brashi zilikuwa vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha. Kila Alhamisi niliweka kitu mezani, chungu au kuku aliyefungwa mguu, nao wakachora. Baada ya kipindi nilikusanya karatasi, nikazifunga kwa ukindu na kuziweka kabatini, kila wiki na furushi lake.

Palikuwa na binti mmoja aliyekaa nyuma kwa sababu ya urefu wake. Alilelewa na bibi yake, mzaa mama, kwani wazazi wake walikuwa wamekufa. Huyo ndiye aliyekuwa fahari ya darasa. Nikimwita asome, alisimama wima, kitabu mkononi, akasoma bila kukwama. Hesabu za kichwa aliwashinda wavulana wote.

Michoro yake ya mwanzo ilikuwa mizuri kuliko ya wenzake. Kisha ikaanza kuharibika. Mistari ikawa minene, rangi zikavuka mipaka. Alilaza uso juu ya karatasi hadi pua ikaingia rangi, na wenzake wakamcheka. Nikaona ni uvivu wa mtoto mwenye akili aliyezoea kusifiwa. Alhamisi moja niliweka mtungi mezani, naye akachora doa kubwa jeusi lisilo na mdomo wala shingo.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Mtungi, mwalimu."

"Mtungi gani usio na shingo? Unanifanyia mzaha?"

Nikamwambia anyooshe mkono, nikamchapa rula tatu za vidole. Hakulia. Aliinama akaanza kupapasa sakafuni kutafuta kijiti chake kilichoanguka, nami nikageuka nikaenda kwa mwingine.

Wiki chache baadaye ikaja habari kwamba mkaguzi, Mzungu, atatutembelea. Nikaona nibandike michoro ukutani, aone jinsi watoto walivyopiga hatua. Nilibaki shuleni mchana baada ya masomo, nikafungua mafurushi yote na kupanga kazi za kila mtoto sakafuni kwa mfuatano wa wiki. Nilipofika kwa yule binti nikaketi chini.

Kwenye karatasi ya kwanza kuku alikuwa na kucha, na jicho lake lilikuwa na kope. Kwenye ya tatu kucha hazikuwepo. Ya tano haikuwa na buluu wala kijani, nyeusi na njano tu. Ya saba na ya nane zilikuwa mawingu. Huwezi kuharibu kazi kwa uvivu kwa utaratibu namna ile. Mtoto alikuwa amechora kila wiki kile alichokiona, na kila wiki alikuwa anaona kidogo zaidi.

Asubuhi nilimwita barazani kwenye mwanga, nikampa kitabu ambacho darasa halijakisoma.

"Soma hapa, mwanangu."

Alikigeuza kitabu huku na huku.

"Mwalimu, hicho wenzangu hawajakisoma. Mie nikishasikia mara moja, nashika."

Niliinua kidevu chake. Katikati ya mboni zote mbili palikuwa na weupe kama maji ya mchele. Alikuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa nilioujua kwa wazee tu.

Siku hiyohiyo nilimfuata bibi yake. Nilimkuta amekaa mkekani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kuna jambo?"

Nikamweleza. Alisuka mpaka nikamaliza, kisha akauweka ukili chini.

"Najua kuwa haoni vizuri. Nimemtilia dawa za majani. Hospitali wanatia kisu, mwalimu. Kisu kwenye jicho! Mama yake waliingia naye humo wakamtoa amefunikwa shuka."

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne nilimwambia ukweli, kwamba nilimchapa mjukuu wake kwa kosa la kutoona.

"Aliniambia kajikata na ukindu," akasema. "Haya. Tutakwenda. Na wewe utakuwepo."

Tulikwenda sote watatu. Daktari alisema jicho la kushoto limechelewa, la kulia atajaribu. Mtoto alilala chali siku nyingi, macho yamefungwa bendeji, haruhusiwi kugeuza kichwa. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Siku moja nilimshika vidole vilevile nikasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Zama zile mwalimu hakumwomba mtoto radhi. Yeye akauliza, "Alhamisi hii mmechora nini?"

Jicho la kulia lilipona. Alirudi na miwani minene mno, akakaa mstari wa mbele, akajifunza upya kusoma kwa kutazama herufi. Ilimchukua muda, na hakuwa tena wa kwanza darasani.

Mkaguzi alikuja. Alisema michoro inapendeza, lakini muda ule ungefaa kwa hesabu. Nilimwonyesha karatasi nane za mtoto mmoja, moja baada ya nyingine, nikamweleza. Alizipitia tena, akaandika kitu kwenye daftari lake, hakuniambia ni nini. Kipindi chetu hakikufutwa.

Binti alimaliza darasa la nne, kisha bibi yake akarudi kwao Rufiji akaondoka naye. Nilipeleka barua mbili, hazikujibiwa. Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, na kila mwisho wa mwezi nilipanga michoro ya watoto sakafuni nikaitazama mmoja mmoja. Rula niliitumia kupigia mistari tu.