Nilikata Lulu ya Dada Yangu kwa Msumeno

Nimekosa, tena mchana kweupe, mbele ya wazee wa pande mbili. Jina langu msiniulize. Mkilijua mtanicheka mpaka sokoni.

Mimi ni mchongaji wa mawe ya sabuni hapa Tabaka. Nikiona kitu cha mviringo kinang'aa, mkono unawasha nijue ndani kuna nini. Ndiyo maradhi yangu.

Dada yangu mdogo, Kemunto, alichumbiwa na kijana wa Itumbe aliyekuwa ametoka kufanya kazi Uarabuni. Wenzake huleta simu, yeye akamletea lulu moja kwenye mkufu. Kemunto alilala nayo, akaenda nayo misa. Shanga zote nilizomchongea tangu utotoni akazitia kwenye kopo la vifungo. Iliniuma! Nilikuwa na wivu, basi, nimesema.

Siku ya wakwe kuja kujitambulisha, Kemunto aliacha mkufu mezani akaenda kumenya ndizi. Nikaing'oa ile lulu, nikaibana, nikaikata katikati kwa msumeno wangu mwembamba. Weh! Ndani gololi nyeupe, juu yake ngozi nyembamba tu ya kung'aa. Nilicheka peke yangu kama mwizi aliyekuta mlango wazi.

Wageni walipomaliza soda, nikasimama na vile vipande kwenye sahani.

"Wazee wangu, huyu kijana ametuletea gololi imepakwa rangi! Kama anadanganya na kitu kidogo hivi, je, huyu dada yetu yeye atamfanyia nini?"

Kemunto akaangua kilio. Baba akakunja uso, akamgeukia kijana, akamwambia ajieleze.

"Shemeji," kijana akasema polepole, "hiyo gololi ni mimi niliiweka."

"Mmesikia! Amekubali!" nikaruka.

"Ngoja nimalize. Huko nilikuwa nafanya kwa shamba la lulu. Unafungua chaza, yule wa baharini mwenye kombe gumu, kidogo tu, unachana nyama yake, unaingiza gololi ya kombe na kipande cha nyama ya chaza mwingine. Unarudisha yeye baharini kwa kikapu. Sasa yeye mwenyewe ndiye anafunika hiyo gololi, ngozi juu ya ngozi, polepole sana. Wengine wanakufa, wengine wanaitema. Mimi nilikuwa nasugua uchafu kwa makombe yao mpaka vidole vinatoka damu. Hiyo ngozi ndiyo lulu, shemeji. Nikitoka, mdosi wa shamba alinipatia hii moja, kwa sababu nilikuwa nimeipanda na mikono yangu."

Yaye! Nilitamani ardhi ya Tabaka ichimbwe pale pale nizikwe. Kitu kile alikilea mwenyewe, akamletea dada yangu, nami nimekikata kama sabuni ya kufulia!

Kemunto alifuta machozi. "Naolewa na yeye," akasema. "Na wewe leta msasa."

Nilivilainisha vile vipande mbele ya wageni, huku mama wa yule kijana akinionyesha mahali palipobaki mikwaruzo.

Harusini dada alivaa hereni mbili, nusu lulu kila sikio, upande uliokatwa ukitazama nje. Aliyeuliza alionyeshwa mimi kwa kidole. Kisu nilinyimwa, hata cha kukatia keki.

Enyi ndugu wenye dada, wivu ukikushika, mwambie dada yako, "Nina wivu." Atakucheka, yaishe. Mimi nilishika msumeno. Sasa Kemunto akija nyumbani, ananigeuzia sikio kwanza, ndipo ananipa mkono.