Siku Niliyojifunga Taya Kwenye Kivuko

Aibu hii ningeenda nayo kaburini, ila kwa kuwa watu wa kivuko kizima walishuhudia, na mmoja wao ni mama mkwe wangu mtarajiwa, bora mnisikie mimi kabla hajawasimulia yeye (na anasimulia, tena kwa vitendo).

Mnajua taya langu la chini limetangulia mbele, meno ya mbele hayakutani, hata mkate nang'ata kwa pembeni. Hivi vyuma vya meno vinayapanga yawe tayari kwa upasuaji, kwa hiyo kwa sasa naonekana vibaya kuliko nilivyoanza. Siku daktari aliponieleza mpango wenyewe, kwamba watakata mfupa wa taya, waurudishe nyuma, waushike kwa vibati na skrubu, halafu wanifunge taya kwa raba wiki kadhaa nile vya maji tu, na kwamba mdomo unaweza kubaki na ganzi, pengine moja kwa moja, mimi masikio yaliziba pale pale kwenye "kukata". Akauliza, "Una swali?" Nikasema, "Sina, daktari." Sina! Na moyo unadunda mpaka blauzi inacheza.

Swali nilikuwa nalo: nikitapika mdomo umefungwa, si nitakufa? Likanikosesha usingizi. Basi siku naenda Sengerema kumpa bibi habari, nimekaa kwenye kivuko, nikajiambia, si nijaribu tu? Kwenye pochi nilikuwa na zile raba ndogo za kuvuta meno, nikazipachika kwenye vyuma vya juu na chini, kushoto na kulia, mbilimbili, mpaka meno yakabana kabisa. Nikasema nikivumilia hadi ng'ambo, na upasuaji nitauweza.

Hatujafika mbali, nani huyo anakuja? Mama Masanja, mama wa mchumba wangu, ndani ya kitenge kipya. Nikapiga goti, "Shikamoo mama," ikapita kwenye meno yaliyobana kama nimemtukana.

"Marahaba. Ndiyo unavyonisalimia siku hizi, mwanangu? Hata mdomo hufungui?"

Watu wakageuka. Ningezitoa raba pale pale yakaisha, lakini nikaona haya kutumbukiza vidole mdomoni mbele ya mkwe, nikatabasamu (tabasamu gani, mate yanachuruzika kidevuni).

Mara upepo ukaanza, kivuko kikayumba, na chai ya maziwa ya asubuhi ikaanza kupanda. Jamani, niliogopa! Nikaingiza vidole, raba zinateleza kwa mate, navuta huku napiga miguu sakafuni, pumzi siioni. Dada mmoja akapiga kelele, "Kifafa! Mshikeni!" Wanaume wawili wakanikamata mikono, ile ile niliyokuwa naihitaji, mwingine akaanza kukemea mapepo kwa sauti, na mimi machozi yananitoka, nawaza nakufa katikati ya ziwa kwa kufanya mazoezi.

Mama Masanja ndiye aliyeona. "Mwachieni mikono! Kuna kitu mdomoni!" Akachomoa pini kwenye nywele zake, akanishika kidevu, akazifyatua zile raba moja moja, na ya mwisho ilipotoka tu, chai yote ikaishia kwenye kitenge.

Akakitazama kitenge, akaniuliza taratibu, "Ulijifunga kwa nini?"

"Naogopa, mama." Nikalia kwa sauti, watu wakisikia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Kliniki iliyofuata akanisindikiza, amevaa kitenge kile kile (kimefuliwa, ila alihakikisha nakiona). Daktari akauliza, "Una swali?" Likatoka lile la kutapika, na mengine nyuma yake. Akasema raba zao hazibani hivyo, cha maji kinapita, na mkasi wa kuzikatia nikitapika unakaa kando ya kitanda.

"Na ganzi?"

"Hiyo siwezi kukuahidi."

Upasuaji bado, na naogopa vile vile. Lakini "sina swali" sisemi tena, hata kwa muuza nyanya. Na kwenye begi langu la hospitali Mama Masanja ameshaweka pini yake.