Ukungu wa Ndani

Mtaani walimwita Jicho, na si kwa ajili ya umbea, ingawa umbea nao alikuwa nao wa kumtosha. Alikuwa fundi saa. Kutwa nzima lenzi ndogo nyeusi ilibanwa kwenye jicho lake la kulia, na hata akiivua, mduara wake ulibaki pale kama muhuri. Kibanda chake kilitosha meza moja na kiti kimoja. Mteja alisimama nje. Watu walishahamia kuangalia saa kwenye simu, lakini yeye hakuwa na habari nao. Kilichomweka pale ni hamu ya kujua. Mpe kitu kilichofungwa, atakifungua kwanza, sababu ataitafuta baadaye. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aliiona saa ya ukutani ya baba mkwe imesimama, na kabla chai haijafika alikuwa ameishusha na kuitawanya yote juu ya kitambaa cha meza. Posa ilikubaliwa, wanasema, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuiunga tena ile saa.

Binti aliyemwoa alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Nyumbani kwao saa ya ukutani haikuwahi kwenda sawa. "Mganga hajigangi," msusi aliwaambia wateja wake. "Mimi nikitaka kujua saa namuuliza jirani."

Kisha vidole vikaanza kumuuma msusi. Akashuka duka la dawa, akapewa vidonge vidogo vyeupe, akameza, na vidole vikalegea siku hiyo hiyo. Akavipenda. Aliendelea kuvinunua mwezi baada ya mwezi bila kumuuliza mtu, uso ukajaa, wateja wakamsifu kwamba ndoa imemkubali.

Baada ya hapo kikaja kichwa. Kiliuma asubuhi, kikauma jioni, na siku moja akasema, "Mume wangu, naona ukungu."

Sasa, kwa fundi saa ukungu una maana moja tu. Saa ikiingia maji, ukungu hukaa chini ya kioo, na kila mteja aliyekuja akiisugua saa yake kwa shati Jicho alimgombeza: ukungu wa ndani haufutwi kwa nje. Alilisema neno hilo nusu ya maisha yake. Lakini mkewe alipomwambia anaona ukungu, alifanya nini? Alichukua miwani ya mkewe, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa kile kitambaa chake laini, akamrudishia.

"Bado," mkewe alisema.

Akaifuta tena. Akaenda kumbadilishia vioo. Alikuja kushtuka siku msusi alipomsuka mteja mistari iliyopinda kama njia ya mbuzi, kisha akatapika na kushindwa kusimama. Wakakimbilia hospitali.

Daktari alimchoma sindano mgongoni, akatoa maji kidogo ya uti wa mgongo na kuyapeleka maabara. Majibu yakarudi: fangasi, na wamefika kwenye utando wa ubongo.

"Fangasi?" Msusi alijiinua kitandani, kichwa kiume kisiume. "Mimi? Fangasi si ni wa watu wasiokausha miguu! Mimi mtu msafi, daktari. Waulize wateja wangu."

Aibu ilimuuma kuliko ugonjwa. Daktari akamweleza kwa upole kwamba atapewa dawa ya dripu, na kwamba maji yamejaa yanaubana ubongo, kwa hiyo sindano ya mgongo itabidi irudiwe, labda mara nyingi, ili kuyapunguza. Hapo ndipo msusi alipogoma. Dada yake, aliyekaa pembeni ya kitanda na kikapu cha nguo, alimuunga mkono.

"Shemeji, sindano ya mgongo si ya kuchezea," alimwambia Jicho. "Ya kwanza ametoka salama. Bahati haijaribiwi mara mbili. Watamlemaza huyu."

"Maji yasipopungua," daktari alisema, "macho yatazima. Na baada ya macho ni uhai. Ni bora nizungumze wazi."

Msusi akageukia ukutani. Jicho alisimama kati ya kitanda na mlango. Aliogopa, kwelikweli aliogopa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake kilikuwepo kitu kilichofungwa ambacho hakujua pa kukifungulia. Kwa hiyo akafanya alichozoea. Akaenda kuangalia.

Maabara ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mtaalamu alikuwa binti mmoja mwenye koti jeupe lenye madoa ya wino mfukoni.

"Shikamoo baba. Majibu tumeshampa daktari."

"Marahaba. Majibu nimeyasikia, mwanangu. Nataka kumwona huyo fangasi mwenyewe."

Binti akacheka, akatazama kama foleni imeisha, akaweka chini ya hadubini kipande cha kioo chenye tone la yale maji ya mgongo. Jicho akachomoa lenzi yake mfukoni, akaibana jichoni, akainama.

"Hiyo vua, baba. Hii yetu inatosha."

Akavua. Akaona weusi mtupu, na ndani ya weusi miduara inayong'aa, kila mmoja na kidoti katikati.

"Weusi ni wino nilioutia mimi," binti alisema. "Fangasi ni yule wa katikati. Weupe unaomzunguka ni koti lake, wino hauwezi kupita."

"Koti? Amelitoa wapi?"

"Hulitengeneza mwenyewe. Huko nje, kwenye vumbi na kinyesi cha ndege, koti lake ni jembamba. Tunamvuta kwa pumzi, mimi na wewe pia, na kwa wengi anaishia hapo. Lakini akiona amepata nafasi, akihisi hewa ya ndani ya mwili imebadilika, ndipo anapovaa koti zito. Linateleza. Walinzi wa damu wanakuja kumkamata, hawana pa kushika."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuja na nguo zake.

"Hakuna hata mlinzi mmoja anayemmeza?"

"Wapo. Ndiyo vituko vyake hivyo. Akimezwa hafi, anakaa humo humo tumboni mwa mlinzi, anazaa, na mlinzi anatembea naye. Tunadhani wengine huingia ubongoni hivyo, wamebebwa. Wengine hunenepa mapafuni mpaka hawamezeki. Na vipande vya koti huvimwaga kwenye damu, walinzi wanabaki kuhangaika na matambara."

Jicho aliinua kichwa. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira, Mungu amsamehe, alikuwa na heshima kidogo. Fundi humtambua fundi. "Lakini kwa nini yeye? Vumbi hilo si tunavuta wote?"

"Hapo sijui. Mara nyingi walinzi wanakuwa wamedhoofishwa na kitu. Anatumia dawa yoyote?"

"Hapana. Ni vile vidonge vyake vya vidole tu. Vyeupe, vya dukani."

Binti aliacha kutabasamu. "Kamwambie daktari sasa hivi. Vingine vya namna hiyo huwalaza walinzi usingizi. Na asiviache ghafla mpaka daktari aseme."

Jicho alimwambia daktari, kisha akarudi wodini, akavuta kiti, akakaa upande wa ukutani ili mkewe asiwe na pa kugeukia. Akamsimulia yote: koti, matambara, mlinzi anayembeba mwizi tumboni akidhani amemkamata.

"Kwa hiyo si uchafu wangu," msusi alisema.

"Si uchafu. Ni mjanja tu, na uliwalaza walinzi kwa vidonge vyako. Na mimi nilikuwa nakufutia miwani. Ukungu wako ni wa ndani, mke wangu. Miaka yote nawaambia watu, na wangu nimeufuta kwa nje."

Msusi akauliza, "Na wa saa huwa unautoaje?"

"Nafungua kifuniko."

"Kifuniko kipi?"

Jicho aliigusa saa ya mkononi mwake. "Cha nyuma," alisema.

Msusi akaanza kucheka, akashika kichwa kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Dada, umesikia? Hata saa hufunguliwa mgongoni. Mwite daktari kabla sijabadili mawazo."

Walimchoma siku ile, wakamchoma tena na tena. Kila maji yaliposhuka, kichwa kilipungua, na dada mtu akaacha kulia mlangoni. Dawa ya dripu ilimtetemesha vibaya. Macho ndiyo yaliyochelewa. Jicho alikaa naye kila siku, kibanda kikiwa kimefungwa, na kila siku alimnyoshea mkono wenye saa na kumuuliza ni saa ngapi. Kila siku alijibiwa, "Ukungu."

Asubuhi moja alimnyoshea tena. Msusi alikunja uso, akauvuta ule mkono karibu na pua yake, akakaa nao hivyo kwa muda.

"Wewe mtu," alisema, "ule mshale mwembamba mbona hausogei?"

Jicho akatazama. Saa ilikuwa imesimama, tangu lini hakujua; hakukumbuka kuitia ufunguo. Mkewe alianza kusema kitu kuhusu waganga wasiojiganga, lakini hakumaliza, maana mumewe alikuwa ameinamia mkono wake mwenyewe na analia.