Nguzo ya Babu Imeng'oa Bampa

Jamani, leo hapa Goba nguzo imeshinda gari!

Tunataka kujenga ukuta, braza wangu kaleta pikapu kusafisha uwanja. Mipera midogo ilitoka kama mihogo.

Ikabaki nguzo ya mninga aliyoisimika babu enzi za Ujamaa. Tukafunga mnyororo, braza akakanyaga mafuta.

Paaa! Bampa chini. Nguzo wala haikutikisika.

Tukaichimba kwa sururu mpaka adhuhuri. Ilipotoka, tukaigeuza. Sehemu iliyokuwa ardhini nyeusi tii, mchwa hawajaigusa hata kidogo!

Bibi akacheka: "Babu yenu aliibabua motoni kwanza mchwa wasiile, ndo akaizika. Alisema siku mtakayokuja kujenga mtaikuta imesimama."



Tumeirudisha shimoni. Ukuta ndo utaizunguka.

Nyie mngethubutu kuitupa?