Kitanzi cha Mguuni

Asubuhi moja naikumbuka kwa sauti yake, mwanangu: mabawa yakipiga majani, na baba Hadija akikimbia mbele yangu, kisu mkononi.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka mtaani kwetu Kinama, tukajificha kwenye vichaka vya Rukoko, karibu na mto Rusizi. Unga ulikwisha. Maziwa yangu yakaanza kukauka, na Hadija, mtoto wetu mchanga, hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli kule mtaa wa Asiatique. Wenzake walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na waya za breki. Nilimcheka njia nzima.

Huko vichakani akazifumua waya zile, uzi mmoja mmoja. Alitafuta vijia vya kwale, pale majani yalipolazwa na miguu, akapinda mche mbichi, akafunga uzi, na kitanzi akakilaza chini kabisa, vumbini.

"We, baba Hadija, weka juu, kishike shingo. Ikinaswa mguu itatoroka."

"Ikijinyonga ni kibudu. Mutoto wangu hatanyonya kibudu."

"Na njaa hii? Mungu si atasamehe?"

"Atasamehe mutu asiye na kisu. Mi kisu niko nacho. Nyamaza sasa, unafukuza mboga."

Basi tukakaa karibu, masikio yetu vichakani, mpaka mabawa yakasikika, naye akakimbia kumchinja kwale angali hai. Supu ile haikuwa na chumvi. Maziwa yakarudi. Hadija alilia kwa nguvu mpaka tukaogopa kusikika, na baba yake akacheka kimya, machozi yakimtoka.

Kwale walitulisha mpaka siku bunduki zilipotufikia huko. Tulikwisha kushika njia aliposimama.

"Vitanzi viko wazi. Kitu kitanaswa, kife na kiu bure. We tangulia na mutoto, nakufuata."

Nikatangulia.

Vita ilipokwisha nilirudi Rukoko. Miche aliyoipinda ilikuwa imenyooka, imekuwa miti. Kwenye tawi la mmoja zilining'inia zile nyuzi, zimeota kutu, zimeviringishwa pamoja vizuri kama alivyozitundika dukani kwake. Basi alifika. Alivifungua vyote. Kilichofuata sikijui, na sikio langu bado liko vichakani.

Mwanangu, jifunze kutega, hata kama leo nyama unainunua sokoni Kinama. Itazame njia ya mnyama kabla ya kukunja waya. Kitanzi kilaze chini, ukae karibu, usikiache kiumbe kiteseke. Na kila jioni fungua ulichotega. Usingoje mpaka iwe lazima kurudi.

Mungu akupe riziki ingali hai, na kila utakayemtangulia njiani akufikie.